Mnong'ono wa Hidrojeni na Deni Letu la Ukimya



Wapendwa waamini, juma lililopita niliitwa kumpelekea Komunyo Takatifu bibi mmoja mgonjwa, ambaye umri na maradhi vimemwachia sauti ndogo mno. Nyumba yake imepakana na kibanda cha kuchaji simu, chenye maspika mawili makubwa mlangoni, na ng'ambo ya njia yuko fundi wa kuchomelea vyuma na jenereta lake. Niliketi kando ya kitanda, nikaona midomo ya bibi inatembea, nami sisikii neno. Nikainamisha sikio mpaka karibu na mto wake, bado sikusikia. Basi nikatoka nje. Kijana wa kibandani akaniamkia, "Shikamoo Padre." Nikamjibu, "Marahaba, mwanangu. Bibi yako humo ndani ana jambo la kuniambia, nami simsikii." Hakuniuliza ni jambo gani. Alizima muziki wake, akavuka njia, akamwomba fundi naye azime jenereta. Kwa muda wa robo saa mtaa ule ulinyamaza, na bibi akasema yote aliyotaka kusema.

Nimeikumbuka robo saa ile juma zima, kwa sababu siku hizi nimekuwa nikisoma habari za mnong'ono mwingine, ulio hafifu kuliko wa bibi yule, nao unatoka mbali kupita vipimo vyetu vya kawaida. Ni mnong'ono wa hidrojeni iliyotapakaa katika ulimwengu wote. Wataalamu wa elimu ya nyota wanausikiliza ili wapate kujua jinsi ulimwengu ulivyopangika kwa upana wake. Nasema "wanausikiliza" kwa lugha ya mfano, maana si sauti bali ni mawimbi ya redio. Katika tafakari ya juma hili napenda kuwaeleza kazi hiyo kadiri nilivyoielewa, kisha niseme wazi maoni yangu: kwamba ukimya unaohitajika ili mnong'ono huo usikike ni mali ya wanadamu wote, na kwamba sisi tunaofaidika na kelele tunao wajibu wa kuulinda.

Tuanze na hidrojeni yenyewe. Ndiyo elementi nyepesi kuliko zote, na ndiyo nyingi kuliko zote: takriban robo tatu ya uzito wa maada ya kawaida katika ulimwengu ni hidrojeni. Atomu yake ina protoni moja na elektroni moja tu. Kila moja kati ya hizo mbili ina tabia inayofanana na mzunguko wa pia, ile wanayochezea watoto. Pia hizo zaweza kuzunguka kwa kuelekea upande mmoja, au kwa kupingana. Zinapoelekea upande mmoja, atomu huwa na nishati zaidi kidogo. Ikitokea elektroni ikageuka, nishati ile ndogo hutoka kama wimbi la redio lenye urefu wa sentimita 21, katika masafa ya megahezi 1,420.

Ajabu ni kwamba mgeuko huo ni nadra sana. Atomu moja ikiachwa peke yake yaweza kungoja, kwa wastani, miaka ipatayo milioni 11 kabla ya kutoa wimbi lake. Kama tungekuwa na atomu moja tu tungengoja bure. Lakini mawingu ya hidrojeni angani yana atomu zisizohesabika, na kila kitambo kuna chache zinazogeuka. Ni kama mchango wa Jumuiya Ndogo Ndogo: shilingi ya mtu mmoja haionekani, bali kapu hujaa.

Jambo hili lilitabiriwa kwanza na kijana Mholanzi, Hendrik van de Hulst, mwaka 1944. Zingatieni mwaka huo. Uholanzi ilikuwa imekaliwa kwa mabavu na majeshi ya Ujerumani, na vita vilikuwa havijakwisha. Mwalimu Jan Oort alimpa kijana yule swali: je, kuna wimbi lolote la redio, lenye masafa maalumu, linaloweza kutoka angani na kutuambia mambo ya galaksi yetu? Kijana akapiga hesabu, akajibu kwamba huenda hidrojeni inalo. Wakati ule hawakuwa na chombo cha kulitafutia.

Vita vilipokwisha, Waholanzi walichukua antena kubwa ya rada iliyoachwa na jeshi la Wajerumani, wakaielekeza angani kutoka Kootwijk. Chombo kilichotengenezwa kuwinda ndege ili ziangushwe kikageuzwa kuwa sikio la kusikiliza nyota. Moto uliwaunguzia mitambo yao mwaka 1950, wakaanza upya. Wakati huohuo, katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, Harold Ewen na mwalimu wake Edward Purcell walitengeneza antena yenye umbo la pembe, wakaitokeza nje ya dirisha la maabara. Mvua iliponyesha, pembe ile iliyaelekeza maji ndani. Tarehe 25 Machi 1951 walilipata wimbi la sentimita 21. Hawakukimbilia kujitangaza peke yao, bali waliwashirikisha wenzao, na Waholanzi wakalithibitisha mwezi Mei. Wataalamu wa Australia nao wakalithibitisha. Taarifa hizo zikatolewa kwa pamoja katika jarida la Nature mwezi Septemba mwaka uleule. Mimi ninayezijua tamaa za kutajwa jina, hata ndani ya Kanisa, nimeisoma habari hiyo kwa heshima.

Tangu hapo wimbi hilo limetumika kuchora ramani ya galaksi yetu, Njia Nyeupe, pamoja na mikono yake iliyojipinda. Lakini katika miaka ya karibuni wataalamu wamelenga mbali zaidi. Ulimwengu unapanuka, na wimbi linalosafiri ndani yake hunyooshwa pamoja nao. Wimbi lililoanza safari likiwa na sentimita 21 laweza kutufikia likiwa na sentimita 42. Tukilipima hivyo tunajua kwamba ulimwengu umetanuka mara mbili tangu lilipotoka, yaani karibu miaka bilioni 8 iliyopita. Kwa hiyo urefu wa wimbi ni kama muhuri wa posta juu ya bahasha, unaotuambia barua ilitumwa lini. Mwanga wa kawaida wa galaksi nao hunyooshwa, lakini huhitaji darubini kubwa na muda mrefu ili kuupima kwa galaksi moja moja. Hidrojeni hubeba muhuri wake katika masafa yenyewe.

Galaksi hazikutawanyika ovyo. Zimejipanga kama utando wa buibui uliolowa umande: nyuzi ndefu, mafundo pale nyuzi zinapokutana, na kati yake nafasi kubwa zilizo karibu tupu. Tena, ndani ya utando huo kuna kipimo kilichofichika. Katika miaka 380,000 ya mwanzo, ulimwengu ulipokuwa bado moto na mzito, mawimbi kama ya sauti yalipita ndani yake. Ulipopoa, mawimbi yale yaliganda mahali yalipofika. Alama yake ingalipo: galaksi zinapendelea kidogo, kuliko ilivyotarajiwa kwa bahati tu, kutengana kwa umbali unaokaribia miaka ya nuru milioni 490 kwa vipimo vya leo. Kipimo hicho ni rula. Ukiisoma rula hiyo katika nyakati mbalimbali za ulimwengu, utajua jinsi upanukaji ulivyokwenda, na pengine utapata fununu ya kile kinachousukuma uende kasi zaidi, jambo lililogunduliwa mwaka 1998 na ambalo sababu yake bado ni fumbo.

Ili kuisoma rula kubwa namna hiyo, si lazima kuihesabu kila galaksi. Mtu akisimama usiku juu ya vilima vya Pugu na kutazama Dar es Salaam, hahesabu taa, lakini anatambua kwa jumla ya mng'ao wapi mji umesongamana na wapi ni giza. Ndivyo wataalamu wanavyofanya na hidrojeni. Huko British Columbia, Kanada, darubini ya redio iitwayo CHIME, yenye mabirika manne marefu ya mita 100 kwa 20 yasiyosogea, huiacha dunia izunguke na anga lipite juu yake. Mwaka 2022 wataalamu wake walitangaza kwamba wameutambua mng'ao wa hidrojeni kwa kuulinganisha na mahali palipojulikana kuwa na galaksi. Mwaka huohuo darubini ya MeerKAT, yenye madishi 64 katika jangwa la Karoo nchini Afrika Kusini, ilifanya kazi ya namna hiyo kwa data za saa 10.5 tu.

Neno "kulinganisha" nalisisitiza, kwa kuwa linaonyesha ugumu wa kazi. Mng'ao wa hidrojeni ya mbali umefunikwa na mngurumo wa galaksi yetu wenyewe, ulio na nguvu maelfu ya mara kuuzidi. Hivyo hata anga likiwa safi, wataalamu wanafanya kazi ya kumtenga bibi anayenong'ona na mtaa mzima unaopiga ngoma. Mngurumo wa galaksi, hata hivyo, unajulikana tabia yake. Hubadilika taratibu kutoka masafa hadi masafa, nao waweza kuondolewa kwa hesabu. Kelele isiyotabirika, ile inayozuka na kuzima, ndiyo inayoharibu. Na kelele hiyo ni yetu sisi.

Hapa ndipo nataka mnisikilize kwa makini. Mataifa ya dunia, kwa njia ya ITU, Shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia mawasiliano, yalikubaliana kwamba masafa kati ya megahezi 1,400 na 1,427 yaachwe kimya. Hakuna redio, hakuna simu, hakuna satelaiti inayoruhusiwa kurusha mawimbi hapo. Ni ua dogo lililozungushiwa hidrojeni, na ni jambo jema. Lakini ua hilo linailinda hidrojeni iliyo jirani tu. Ile ya mbali, ambayo wimbi lake limenyooshwa, imekwisha kutoka nje ya ua. Ile ya miaka bilioni 8 iliyopita hutufikia karibu na megahezi 710, masafa ambayo katika nchi nyingi yamegawiwa kwa simu za mkononi, jirani na runinga za dijitali. Ile ya wakati nyota za kwanza zilipokuwa zikiwaka, yapata miaka milioni 300 hivi baada ya mwanzo, hutufikia karibu na megahezi 100. Tazameni redio zenu nyumbani: hapo ndipo FM. Mahali uleule mnaposikilizia taarifa ya habari, mpira na hata Rozari, ndipo unapopita mnong'ono wa mapambazuko ya ulimwengu. Haujakatika. Sisi tumeufunika.

Basi wataalamu wamekimbilia jangwani. Karoo, katika jimbo la Northern Cape, ina watu wachache na vilima vinavyozuia mawimbi ya miji. Mwaka 2007 Afrika Kusini ilitunga sheria ya kuyalinda maeneo yanayofaa kwa elimu ya nyota. Huko kuna MeerKAT, iliyozinduliwa mwaka 2018. Huko pia kuna HERA, yenye madishi 350 yaliyojengwa kwa nguzo za mbao, mabomba ya plastiki na wavu wa nyaya, inayotafuta hidrojeni ya nyakati za nyota za kwanza. Mpaka sasa haijaisikia waziwazi, ila imezidi kupunguza mahali pa kujificha. Na tangu Desemba 2022 inajengwa darubini kubwa zaidi, SKA: madishi 197 huko Karoo, yale 64 ya MeerKAT yakiwa ndani yake, na antena 131,072 zenye umbo la mti wa Noeli huko Australia ya Magharibi. Nchi nane nyingine za Afrika ni washirika wa mradi huo, na jirani zetu wa Kenya ni mojawapo. Hili si jambo la wageni linalopita juu ya vichwa vyetu.

Lakini jangwa halina paa. Mlima wazuia mnara wa simu, hauzuii satelaiti. Mwaka 2023 watafiti waliotumia darubini ya LOFAR ya Ulaya walieleza kwamba satelaiti za Starlink zinavujisha mawimbi kutoka katika mitambo yake ya ndani, katika masafa ambayo hazikukusudiwa kurusha chochote. Mwaka 2024 wakaeleza kwamba zile za kizazi cha pili zinavuja kwa nguvu zaidi. Satelaiti za namna hii sasa zahesabiwa kwa maelfu, na kampuni na mataifa mengine yanajiandaa kurusha zao. Ukimya ambao Karoo iliutunza kwa sheria unaweza kuondolewa kutoka juu, na watu wasiopata kukanyaga Karoo.

Sitaki nionekane mnafiki. Mwaka juzi shule yetu ya sekondari ya parokia ilifungiwa dishi la intaneti ya satelaiti. Kabla ya hapo walimu walikuwa wakipanda kichuguu nyuma ya bweni kutafuta mtandao. Leo wanafunzi wanasoma masomo ambayo hatuna walimu wake, na zahanati inaomba ushauri wa daktari bingwa bila kumsafirisha mgonjwa. Sikubali mtu aniambie nilitupe dishi lile. Mimi pia, basi, ni mwenye kibanda na maspika mlangoni.

Hivyo swali langu si kama tuzime vyote. Kijana yule wa kibandani hakufunga biashara yake. Alizima kwa robo saa, kwa sababu aliambiwa kuna mtu anayesema jirani yake. Jambo la namna hiyo linawezekana angani pia. Nchini Marekani kampuni yenye satelaiti hizo na taasisi ya darubini za redio zimeshirikiana kutafuta njia ambayo satelaiti hugeuza mawimbi yake pembeni au huyazima kwa kitambo inapopita mbele ya darubini. Kumbe yaweza kufanyika. Kinachotakiwa ni kwamba lisiwe tendo la hisani la kampuni moja na darubini moja, bali sharti la wote. Mwaka 2027 nchi wanachama wa ITU zitakutana katika Mkutano wa Dunia wa Mawasiliano ya Redio, na mojawapo ya hoja zilizo mezani ni namna ya kuyalinda maeneo maalumu ya ukimya dhidi ya makundi ya satelaiti. Nchi zetu ni wanachama, na kila moja ina sauti. Maoni yangu ni kwamba wajumbe wetu wapige kura upande wa ukimya, na kwamba mamlaka zetu za mawasiliano, zinapotoa leseni, ziulize kuhusu mawimbi yanayovuja kama zinavyouliza kuhusu ada.

Mzee mmoja wa Halmashauri ya Walei, nilipomdokezea mada hii, aliniambia, "Padre, samahani, lakini watu hawana maji, nawe unahangaikia hidrojeni." Ni neno zito na sitaki kulipita juujuu. Ningelazimika kuchagua kati ya kisima na darubini kwa kijiji chetu, ningechimba kisima kesho asubuhi. Lakini tusidanganyane: ukimya haugharimu kisima. Kuitaka satelaiti isivujishe mawimbi hakumnyimi mtu ndoo ya maji. Gharama yake humwangukia mwenye kuirusha, na ni sehemu ndogo ya gharama zake. Zaidi ya hayo, tangu lini maskini akaambiwa kwamba haki yake ni tumbo tu, na kwamba kujua alikotoka ulimwengu ni haki ya walioshiba? Van de Hulst alipiga hesabu zake katika nchi iliyokaliwa na adui. Mtoto wa kijiji hiki anayelala njaa mara mojamoja naye hutazama juu na kuuliza. Nimewasikia wakiuliza.

Kuna dai lingine la haki ambalo nalihesabu kuwa zito zaidi, nalo linatoka Karoo kwenyewe. Ili darubini zipate ukimya, serikali ilinunua mashamba ya kondoo, na wakazi wa eneo hilo wamewekewa mipaka katika matumizi ya simu na redio. Wapo waliolalamika kwamba kazi za mashambani zimepungua na miji yao midogo imedhoofika. Wapo pia vijana waliopata ajira na ufadhili wa masomo kwa sababu ya darubini. Sina mizani ya kupima yote mawili kutoka huku niliko. Ila naona wazi kwamba watu wachache, wengi wao si matajiri, wamebeba mzigo wa ukimya kwa ajili ya wanadamu wote. Kama wao wamekubali, au wamelazimika, kuishi na simu isiyoshika vizuri, basi ni aibu kwa mwenye satelaiti elfu kadhaa kusema kwamba yeye hawezi kupunguza sauti. Australia imetoa mfano wa adabu: mwaka 2022 eneo la darubini lilipewa na wenyeji wa Wajarri Yamaji jina la lugha yao, Inyarrimanha Ilgari Bundara, maana yake kushirikishana anga na nyota. Jina pekee halilipi deni, lakini lataja ni nani mwenye nyumba.

Wengine mtauliza, hili lamhusu nini padre? Lanihusu, kwanza kwa sababu Kanisa lenyewe limepata kufukuzwa na mwanga wake. Kituo cha kuchunguzia nyota cha Vatican kilikuwa Roma. Taa za mji zikazidi, anga likafifia, na katika miaka ya 1930 kikahamishiwa Castel Gandolfo. Taa zikafuata hadi huko, na mwaka 1981 watafiti wake wakafungua kituo cha pili Arizona, Marekani. Tuliukimbia mwanga mara mbili. Kwa mawimbi ya satelaiti hakuna Arizona ya kukimbilia, maana zinapita juu ya kila jangwa.

Pili, kwa sababu aliyeeleza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka, hata galaksi za mbali hutukimbia, alikuwa padre wa jimbo kama mimi: Georges Lemaître, Mbelgiji, aliyepewa daraja mwaka 1923. Hesabu za kunyooka kwa wimbi la hidrojeni zimesimama juu ya msingi huo. Mwaka 1951, mwaka uleule wimbi la hidrojeni lilipopatikana, Papa Pius XII alitoa hotuba iliyoelekea kuona katika elimu hiyo mpya ushuhuda wa uumbaji. Lemaître hakufurahia. Hakutaka imani iegemezwe juu ya nadharia, wala nadharia iegemezwe juu ya imani. Nami nafuata nyayo zake. Siwaambii kwamba hidrojeni inathibitisha Katekisimu. Wataalamu wasikilize wanachosikia, waseme walichosikia, na wakikosea wajisahihishe. Mwaka 2018 kundi moja lilitangaza kwamba limeipata alama ya nyota za kwanza karibu na megahezi 78. Mwaka 2022 kundi jingine, kutoka India, likapima na kutoiona. Suala hilo lingali linachunguzwa. Uaminifu wa namna hiyo hauitisi imani yetu, nao unahitaji anga lenye utulivu ili hukumu itolewe kwa haki.

Mafundisho jamii ya Kanisa yametuzoesha kuzungumzia mafao ya wote: maji, misitu, hewa. Ukimya wa masafa nao ni wa wote. Hauna harufu, haulii kama mto uliotiwa sumu, na ukipotea hakuna samaki atakayeelea juu ya maji. Ndiyo maana ni rahisi kuuiba. Aliye tajiri huuchukua bila kumwomba mtu, kisha hutuuzia huduma, nasi twashukuru. Sisemi tusishukuru. Nasema tuulize pia ni nini kilichochukuliwa, na kwa masharti gani.

Nawaombeni mambo mawili tu juma hili. Wazazi na walimu, mtoto akiwauliza habari za nyota, msimwambie kwamba hayo si ya watu kama sisi. Mwambieni kwamba darubini kubwa zimo katika bara lake na zinahitaji vijana wa kuzihudumia. Na ninyi mlio katika ofisi za umma, hasa za mawasiliano, na wengine wenu nawaona katika Misa ya kwanza, hoja hii itakapofika mezani kwenu, msiipitishe kwa kuwa ni ya kitaalamu.

Bibi yule angali hai, na nitamtembelea tena Alhamisi. Kijana wa kibandani amekwisha kuniambia nimjulishe saa ya kufika, azime mapema.

Nawatakia Dominika njema.

Padre wenu